Gunia Nililoandika Lisifunguliwe

Jumapili, 6 Julai

Baridi ya kusi imeingia kweli. Asubuhi nimekwenda kuteka maji nikiwa nimejitanda kanga mbili, na saa nne jua lilikuwa bado linasitasita. Mahindi mapya yako uani juu ya turubai, yamepukuchuliwa nusu. Tangu juzi nina swali moja tu kichwani: yakae wapi?

Kwa wanaosoma hapa kwa mara ya kwanza, nieleze. Masika ya mwaka jana mto ulikata barabara pande zote mbili za kijiji chetu, huku karibu na Miteja, kwa siku kumi na moja. Unga ulikwisha dukani siku ya nne. Ndani tulikuwa na gunia moja la mahindi tuliloliwekea matumaini yote, na nilipolifungua nikakuta wadudu, dumuzi, wametangulia. Ukishika punje inavunjika kama ganda la yai. Chini ya gunia kulikuwa na unga laini, kana kwamba mtu amelipeleka mashine na kulirudisha.

Nyumbani tuko watano: mimi, mume wangu Bakari, mama yangu mzazi, na binti zetu wawili, Rehema na Zaituni. Tulipepeta, tukachagua, tukapata cha watoto.

Mama alifunga. Alisema ni sunna. Funga za sunna ninazozijua mimi ni Jumatatu na Alhamisi. Mama alifunga siku tano mfululizo.

Sikumuuliza. Nilifanya ninachokiweza, nikachukua daftari.

Baada ya mavuno ya mwaka jana nikaweka mahindi kwa njia tatu ili nione ipi itafika salama. Njia ya kwanza ni ya mama: mahindi yakiwa na magunzi yake, yamefungwa kwa maganda yake mawili mawili, yananing'inia juu ya mafiga jikoni yapigwe moshi kila siku. Ya pili ni ya jirani zetu wengi: ndoo ya mahindi yaliyochanganywa na majivu yaliyochekechwa. Ya tatu ndiyo niliyoipenda mimi, ule mfuko mkubwa wa gunia wenye nailoni mbili ndani, usiopitisha hewa. Bakari aliununua Lindi mjini. Bwana shamba alinieleza kwamba wadudu wakifungiwa humo wanavuta hewa iliyopo mpaka inakwisha, kisha wanakufa wenyewe, bila dawa.

Jambo hilo lilinikaa kichwani wiki nzima. Kwamba mdudu mdogo kuliko kichwa cha kiberiti naye anapumua, na kwamba unaweza kumshinda kwa kumnyima hewa tu. Siku za mwanzo nilikuwa naweka sikio kwenye gunia. Nilisikia kwa masikio yangu ule mkwaruzo, kama mtu anakuna ukuta kwa ukucha akiwa mbali. Baada ya wiki mbili kukawa kimya. Nilimwita Bakari asikilize kimya hicho. Alisikiliza, akaniambia, "Mke wangu, watu wanasikiliza redio."

Juu ya gunia niliandika kwa kalamu nene: LISIFUNGULIWE MPAKA MAVUNO. Kanuni yangu ilikuwa kwamba litafunguliwa kabla ya hapo iwapo tu barabara itakatika zaidi ya siku tatu. Masika ya safari hii ilikatika siku mbili. Kwa hiyo gunia halikuguswa.

Ndivyo nilivyoamini mpaka leo saa tatu asubuhi.

Nilitandika mkeka barazani, nikaleta vitu vyangu: sinia tatu, daftari, na Rehema wa kunisaidia kuhesabu. Mpango ulikuwa kuchota punje mia kutoka kila njia na kuzihesabu zilizotoboka. Tulianza na za moshi. Nyeusi, ngumu, zinanuka jiko. Zilizotoboka sita. Za majivu, kumi na tisa. Nilikuwa nimeiacha ile tamu mwisho, kama mtoto anavyoacha nyama.

Nikafungua gunia. Nailoni ya nje ilikuwa imefungwa kwa mpira wa baiskeli, kama nilivyoifunga. Nailoni ya ndani ilikuwa imefungwa kwa kipande cha kitenge.

Mimi sikufunga kwa kitenge.

Ndani, juu juu, walikuwa wanatembea. Nilihesabu mia kama nilivyopanga, kwa sababu sikujua nifanye nini kingine. Zilizotoboka arobaini na nne. Na mahindi yenyewe yalikuwa yamepungua. Pale niliposhindilia mpaka shingoni, sasa mkono wangu ulizama mpaka kiwiko ndipo ukagusa punje.

Bakari alitoka ndani akaangalia. "Mfuko wa kisasa umeliwa na wadudu wa kizamani," akasema. Aliona uso wangu, akaenda kuwasha pikipiki yake.

Nakiri hapa kwamba nilimfikiria yeye kwanza. Kisha nikafikiria watoto. Sikumfikiria mama, kwa kuwa mama hakuwahi kulipenda lile gunia wala kulisogelea. Alikuwa akipita jikoni analizunguka kama mgeni asiyesalimia.

Saa sita nikaenda kukaa naye uani kupukuchua. Tulipukuchua mpaka sinia ikajaa. Ndipo nikamwonyesha kile kipande cha kitenge.

"Cha kwangu hicho," akasema. "Nilikuwa nakitafuta."

Nikamuuliza alifungua lini.

"Masika. Mara tatu."

"Mama, nimeandika pale juu."

"Mimi nasoma, mwanangu. Nimesoma elimu ya watu wazima, tena nilikuwa wa pili." Akaendelea kupukuchua. "Mtu amekuja na bakuli chini ya kanga. Nimwambie nini? Nimwambie subiri mavuno, binti yangu ameandika?"

Nikamweleza habari ya hewa. Nilimweleza vizuri, kwa utaratibu, kama bwana shamba alivyonieleza mimi: kwamba ukifungua mara moja hewa inaingia, waliobaki wanafufuka, na ukifungua mara tatu ni sawa na kutolifunga. Alinisikiliza mpaka mwisho. Mama yangu ni msikilizaji mzuri, ndiyo maana ni vigumu kumshinda.

"Sasa hilo ni gunia au kaburi?" akauliza. "Chakula gani ukikichota kidogo kinakufa chote?"

Bado ninalitafakari swali hilo sasa hivi ninapoandika, kwa sababu si swali la kijinga. Ni swali la kiufundi kabisa. Moshi wa mama ulishinda wala si kwa ajabu yoyote. Ulishinda kwa sababu pale juu ya mafiga unaweza kuchukua mahindi mawili leo, mawili keshokutwa, na yaliyobaki hayajui kama kuna yaliyoondoka. Tatizo la moshi ni nafasi tu. Jiko letu haliwezi kubeba zaidi ya madebe mawili.

Kisha nikauliza nilichokuwa nakitaka kweli. Nikamuuliza ni nani aliyekuja.

Mama akahamia Kimatumbi. Hufanya hivyo akitaka mazungumzo yaishe, maana Kimatumbi changu ni cha kusikia, hakinisaidii kubishana. Alichosema kwa ufupi ni kwamba hilo halinihusu.

Nikang'ang'ania. Nikasema sitaki kumsema mtu, nataka kujua tu, nipange hesabu ya watu wanaokula kwetu. Ilikuwa kweli nusu.

Akaacha kupukuchua.

"Mwaka jana, siku zile za mto," akasema, kwa Kiswahili sasa, taratibu. "Siku ya nane watoto walikula ugali wa makopa. Unakumbuka?"

Nakumbuka. Mihogo mikavu, mizuri, nusu ndoo. Niliikuta jikoni alfajiri. Alisema aliisahau chini ya kitanda.

"Mimi nisahau makopa?"

Aliinuka akakung'uta kanga yake, akaenda kuswali adhuhuri. Mimi nilibaki na gunzi mkononi.

Mama alikwenda kubisha mlango wa mtu.

Alikwenda na bakuli chini ya kanga, na akapewa, na akarudi, na mimi nikapika nikidhani ni akiba yetu. Kuna nyumba hapa kijijini inayojua kwamba sisi tulikosa chakula. Imejua zaidi ya mwaka. Huyo mtu nakutana naye kisimani. Labda nimemwamkia shikamoo jana, akanijibu marahaba, akaniuliza watoto hawajambo. Hakuna aliyenitazama kwa namna. Hakuna aliyenitania. Mimi ninayejua idadi ya punje katika sinia sikujua jambo hili.

Mchana wote nimekuwa nikipita nyumba kwa nyumba kichwani. Nani alivuna mihogo mwaka ule? Nani ana ua wa kuanika makopa meupe namna ile? Nilifika nyumba ya tisa, nikajishika. Nilikuwa nafanya kile kile ambacho mama amekataa kunisaidia kukifanya. Nikimtafuta huyu, na nikimpata nitamtafuta na yule aliyekuja kwetu, na kesho nitakuwa ninawatazama wote wawili kwa namna.

Nikaacha. Si kwa wema. Nimeacha kwa sababu niliona ninavyoelekea.

Alasiri nikafanya kazi ya mikono, ndiyo inanituliza. Tuna madumu ya lita ishirini, yale ya njano ya mafuta ya kula, na mengine nimeazima. Nimeyaosha kwa maji ya moto na sabuni, nimeyaanika midomo chini. Dumu moja linaingia mahindi ya kama wiki moja kwa watu watano. Ukilijaza mpaka mdomoni, ukaweka kipande cha nailoni chini ya kifuniko na kukaza, hewa haiingii, kazi ni ile ile ya mfuko wa Lindi. Tofauti ni kwamba ukifungua moja, mengine hayajui. Kama mahindi ya mama ya moshi. Sielewi kwa nini sikuliona hili mwaka mzima, nikiwa ninapita katikati ya vyote viwili kila siku.

Kabla ya kujaza nilipima ukavu. Unatia punje kwenye chupa kavu pamoja na chumvi kavu, unatikisa, unasubiri. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi bado yana maji na yataota ukungu humo ndani. Ilinata kidogo. Basi kesho tunaanika tena, pengine na keshokutwa.

Hesabu yangu ya awali ilisema madumu kumi na mawili yanatuvusha masika, hata mto ukifanya ubaya wake. Ukitoa ya kula mpaka masika, mahindi tuliyonayo yanajaza kumi na manne. Hayo mawili ya ziada tulikubaliana na Bakari tuyauze, tubadilishe mabati ya jikoni yanayovuja. Mnunuzi anapita kesho asubuhi.

Jioni nilianza kuyaandika madumu namba, moja mpaka kumi na nne. Mama alikuwa akipita na kuni. Akasimama.

"Mawili usiyaandike," akasema.

"Yapi?"

"Yoyote. Ila yakae upande wangu wa mlango."

Nilimuuliza pia kama naweza kuandika haya hapa, maana anajua ninaandika na anajua watu wanasoma. Alifikiri kidogo. "Ya kwetu andika," akasema. "Ya watu acha." Kwa hiyo nimeandika ya kwetu. Nimeandika kwamba tulikosa. Kidole changu kimesita juu ya simu kwenye sentensi hiyo kuliko nyingine zote.

Na nilimwambia neno moja, nikiwa nimeinama juu ya dumu nisimtazame. Nilimwambia safari hii akitaka kufunga, aniambie mapema, nihesabu.

"Na Ramadhani nikuambie?" akauliza. Akaingia ndani na kuni zake. Hakuahidi kitu, ila alikuwa anacheka.

Kuna hili moja bado. Bakari hajarudi, na hajui kwamba kesho mnunuzi ataondoka mikono mitupu na jiko letu litavuja masika nyingine. Ataniuliza kwa nini kumi na mawili hayatoshi tena, na mimi siwezi kumwambia habari za bakuli kabla mama hajaniruhusu.

Nitamwambia tumeongezeka nyumbani.

Najua atanitazama tumbo. Na atazame, halafu tutaona atauliza nini.