Kiganja Juu ya Nyuzi

Mjukuu wangu Ayikoru,

Habari za Kampala? Hapa Awindiri mama yako amepona homa, na mihogo ya shamba letu la Aroi imekubali. Najua rafiki zako hucheka ukiniita bibi ilhali tumepishana miaka michache tu. Ukoo haujali umri.

Umeniuliza kama uache kutunga nyimbo, kwa sababu ukipiga magoti unasikia tungo zako tu, humsikii Mungu.

Nilipokuwa kwenye kwaya Koboko, nilipiga adungu ndogo. Unajua kinubi hiki hukazwa nyuzi kwa kufuata kile kikubwa. Asubuhi moja nilikaza na kupiga, nikakaza tena, na bado sauti zikakataa kupatana. Mzee Drani, mpiga adungu kubwa, akaniambia, "Binti, wewe napiga tu. Unasikia mimi saa ngapi?"

Wenzangu wakacheka. Nikazituliza nyuzi zangu kwa kiganja, nikaisikia adungu yake.

Siku hizi, nikiomba, nyimbo bado huja. Sizifukuzi, nazituliza vivyo hivyo. Mara nyingine sisikii neno, naondoka na utulivu tu.

Usiache kutunga. Mzee Drani hakuninyang'anya adungu. Alisubiri nisikie, kisha akasema, "Haya, piga sasa."

Bibi yako,
Ezaru