Fomu Mia Tano

4 Machi

Mdogo wangu mpendwa,

Hujambo? Mgongo wa mama unaendeleaje? Sisi wazima, ila wifi yako kila akipita mlango wa chumba chako anajifuta macho.

Nakuandikia kwa kuwa simu hupokei. Ndani utakuta fomu. Meneja ameamua kukupa kifuta machozi, na si haba. Weka sahihi pale chini uirudishe kabla ya mwisho wa mwezi. Usisome sana, utajiumiza bure.

Kaka yako


11 Machi

Kaka, shikamoo.

Huku hatujambo, mama anakusalimu. Samahani kwa mwandiko, mkono wa kushoto ndio kwanza umeanza shule.

Nimesoma sana. Mstari wa tatu unasema ajali imetokea “kwa uzembe wa mfanyakazi”. Kwa hiyo vidole vyangu vitatu nimejikata mwenyewe, na wao wananionea huruma. Kifuta machozi anapewa mtu ambaye hakuna aliyemkosea. Mimi nimekosewa. Nataka fidia, na neno hilo liandikwe, hata kiasi kikibaki kile kile.

Mashine ya kukata karatasi ina vitufe viwili ili mikono yote miwili iwe mbali na kisu. Kimoja kilibanwa kwa selotepu ili tumalize haraka vijitabu vya mitihani. Msimamizi ni wewe, kaka. Nilikushikia ile selotepu, ukaikata kwa meno. Sikuchukii. Nataka useme tu.

Mdogo wako


19 Machi

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Sasa unataka kunivisha kitanzi? Meneja ndiye aliyeniamuru, na aliniamuru kwa mdomo. Nikisema, watoto atawalisha nani? Acha ubishi wako wa tangu utotoni, weka sahihi.

Tena wametujali kuliko unavyodhani. Wifi yako amepewa nafasi yako.

Kaka yako


23 Machi

Kaka,

Wifi yuko kwenye mashine ile? Selotepu imetolewa? Nijibu hilo kwanza, shikamoo nitakupa baadaye.

Halafu chukua fomu moja ofisini, upapase ukingo wake wa kushoto. Utakuta mkwaruzo mdogo. Ni lile pengo la kisu, kabla hakijanolewa mwezi wa Novemba. Fomu hizi nilizikata mimi, miezi mitatu kabla sijaumia! Nilikuuliza ni za nini, ukaniambia kata tu, ni za akiba. Zilikuwa mia tano, kaka. Wafanyakazi tuko thelathini.

Walijua. Msomee wifi barua hii.

Mdogo wako


9 Aprili

Kaka, shikamoo.

Siku kumi na saba kimya. Simu ya jirani ikilia naruka kama mwizi. Mama ameanza kuniuliza. Nimepiga namba yako, sasa wewe ndiye hupokei. Wifi ana vidole kumi? Niandikie hata neno moja.

Mdogo wako


21 Aprili

Mdogo wangu,

Wifi yako mzima, vidole vyote kumi. Nilikaa na barua yako wiki mbili mfukoni. Nilipomsomea alihamia kulala kwa watoto. Asubuhi hakwenda kazini. Nilikwenda mimi, nikabandua selotepu mbele ya meneja. Ameniambia nisirudi tena.

Nimeibandika nyuma ya barua hii na kutia sahihi yangu juu yake. Ukitaka, mpelekee mkaguzi wa kazi. Ukitaka, ichome. Mimi sina cha kukufidia, mama yangu. Hii ipokee kama samahani tu. Naona aibu hata kukuandikia.

Kaka yako


28 Aprili

Kaka, shikamoo.

Mama hajambo, mgongo umepungua kuuma. Samahani yako nimeipokea, nimelia nayo mchana kutwa.

Kwa mkaguzi nimepeleka fomu peke yake. Amepapasa ukingo, akapapasa tena. Kisha akaniuliza nani alibana kile kitufe, na kwa amri ya nani. Barua yako ilikuwa mkobani, sikuitoa. Nimemwambia aliyebana atakuja kusema mwenyewe, Jumatatu saa tatu asubuhi.

Nitakuwa kwenye benchi la mlangoni kwa mkaguzi, nimekuwekea nafasi upande wa kulia. Usinifanye mwongo.

Mdogo wako