Nilimtungia Mama Maana ya Jina la Mwanawe Aliyefukiwa Mgodini

Mshauri, shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi ipokee tu hivyohivyo. Nina jambo limenikaa kifuani na nyumbani hakuna wa kumwambia, mume wangu akiniona na kalamu anauliza naandika nini, kwa hiyo barua hii naiandikia hapa kwenye kaunta katikati ya wateja, utanisamehe mwandiko na vumbi.

Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na mmoja, mume wangu anachonga mawe ya makaburi na mimi ndiye napokea wateja, naandika majina kwenye karatasi, nahakikisha kila herufi imekaa mahali pake kabla yeye hajashika tindo, maana jiwe si daftari la shule useme utafuta kwa raba. Miaka sita iliyopita mteja mmoja alitaka chini ya jina la baba yake, Petro, tuandike kwa herufi ndogo neno Mwamba, kwa sababu ndiyo maana yake, tukaandika, watu wakaliona makaburini wakaja na wao wanataka, ndipo nikanunua daftari nikaanza kukusanya maana za majina, karibu yote ya wanaume, kwa kuwa mji wetu ni wa mgodi na wanaotangulia ni wao. Nikaandika Daudi mpendwa, Viktori mshindi, Omari mwenye maisha marefu, na hilo la Omari lilinipa taabu, marehemu alikuwa na miaka kumi na tisa, mjomba wake akaisoma karatasi akanirudishia. Lakini wengi walifurahi, wakaanza kuniita Mama Maana, nami nikavimba kichwa, siwezi kukuficha, na pale jina lisipokuwemo daftarini nikaona aibu kusema sijui, nikawa nabuni kitu kizuri cha kumfariji mtu, na watu wakawa wanaondoka wameridhika.

Sasa miezi saba iliyopita mgodi ulititia. Waliofukiwa walikuwa saba, waokoaji wakachimba siku tisa wakatoa maiti sita, wa saba hakuonekana, mlango ukafungwa kwa zege. Katika wiki ya tatu mama yake huyo wa saba akaja karakanani na mkwewe, yule binti mjamzito amebakiza siku chache ajifungue, akawa anamshika mama mgongoni kama anayemzuia asianguke.

"Wewe ndiye Mama Maana?" mama akaniuliza.

"Ndiye mimi, mama. Pole sana."

"Sikuja kupewa pole, nimepewa za kutosha. Jina la mwanangu ni hili. Maana yake nini?"

Jina lenyewe silitaji hapa, mji mzima alikuwa nalo yeye peke yake, baba yake aliyekwisha kufariki alilipata kwa msimamizi mgeni aliyefanya naye kazi ujanani. Nikafungua daftari nikajua kabisa halimo, nikapekua kurasa huku wateja wengine wananitazama na yule mama hapepesi macho, ndipo mdomo wangu ukasema wenyewe, "Maana yake ni Arudiye."

"Arudiye?"

"Ndiyo mama. Mtu anayerudi."

Akashika kaunta kwa mikono miwili. Mume wangu akazima mashine, akanitazama juu ya miwani yake iliyojaa vumbi, halafu akainamia kazi. Ukiniuliza nilifikiria nini, nilifikiria kurudi kwa Mungu, kurudi kwa wahenga, maneno ya makaburini tu, sikumfikiria mtu ambaye maiti yake haijaonekana. Jiwe likachongwa, jina, Arudiye, tarehe mbili, likasimamishwa pamoja na mawe ya wale sita, ingawa chini yake hamna mtu.

Mwezi wa tatu baada ya hapo yule binti akaja peke yake na mtoto mgongoni, mtoto wa kiume, amejaa vizuri, akaketi kwenye jiwe ambalo halijachongwa akaniambia, "Mama, mwanangu hana jina. Kila nikitaja moja mkwe wangu anasema mwenye kumpa jina yuko njiani. Kliniki kadi yake imeandikwa Mtoto wa Kiume. Juzi nesi kaita Mtoto wa Kiume, tukasimama wanawake wanne." Akacheka kidogo, halafu akaanza kulia. Akasema mama mkwe anampakulia mwanawe kila mchana, sahani inafunikwa mezani, ikifika jioni wanaila wao imepoa, na akitaka kwenda kwa wazazi wake hata kwa wiki moja anaambiwa, "Mumeo akirudi asikukute?" Kisha akaniuliza, "Mama, maana ile uliipata wapi?"

Nikamwambia kitabuni. Mshauri, nilimdanganya na yeye, huku namtazama mtoto usoni.

Nikaanza kuitafuta maana ya kweli, na nikaipata, heri nisingeipata. Alikuja mwalimu mstaafu aliyewahi kufundisha Kilatini, ameleta jina la mkewe, nikamuuliza kijanja kama vile sina shida nalo. Akasema ni jina la Kirumi, la ukoo mkubwa, hata watawala walikuwa nalo, lakini neno lenyewe maana yake ni kiguru, mtu anayechechemea. Na yule kijana alizaliwa na mguu uliopinda, kila mtu mjini anajua, na mwenzake mmoja aliyewahi kutoka alishaniambia hapahapa kaunta kwamba waliposikia mlio wote walikimbia, na kijana akawa wa mwisho kwa ajili ya mguu. Baba yake alimpa mtoto mchanga jina la kumcheka! Hicho ndicho ninachokijua sasa, na natamani nisingekijua.

Wiki iliyopita yule mama akapita kwenye tundu la hewa lililo upande wa nyuma wa mgodi, ambalo hawakuliziba, akaingia na jembe, mchana kweupe, akafukua mpaka mawe yakamwangukia mkononi. Vidole viwili vimevunjika. Juzi akaja na bandeji yake akasema, "Mwambie mumeo aifute tarehe ya pili. Jina liache, na maana yake iache, tarehe ndiyo ya uongo. Nitakuja Jumamosi tuongozane makaburini." Na akaniambia kwa sauti ya chini, kama tunapeana siri, kwamba ameshafika mbali, vidole vikipona anaendelea.

Nimemwambia mume wangu tukamweleze ukweli, akanijibu, "Mawe zaidi ya mia mbili yamesimama kule. Ukifungua mdomo kwa moja, nani ataamini mengine?" Nikanyamaza kwa sababu najua jambo ambalo yeye halijui, kwamba maana nilizobuni si moja, nimezihesabu, ukiacha hii ziko kumi na moja.

Nikisema, namnyang'anya mama wa watu kitu pekee alichobaki nacho, na akiuliza maana halisi nimwambie nini, kwamba mumewe alimwita mwanawe kiguru? Nikinyamaza, atakufa kwenye lile tundu. Nisaidie kabla ya Jumamosi, mimi usingizi sina na chakula hakipiti.

Ni mimi, wa Karakana ya Mawe


MSHAURI ANAJIBU

Mdogo wangu, marahaba.

Barua yako ilinifikia Jumatano. Barua za safu hii hukaa foleni, yako sikuiweka foleni, nilipiga ile namba uliyoandika nyuma ya bahasha, na niliyokuambia kwa simu nayarudia hapa kwa sababu wapo wasomaji wanaohitaji kuyasikia.

Nilikuambia kwanza kwamba uache kujidanganya kuhusu huruma. Ulimhurumia, sikatai, lakini huruma ingekutosha kusema, "Mama, jina hili silijui, nipe siku tatu niulize." Ulichoshindwa ni kuonekana hujui mbele ya wateja. Ulikuwa unalinda jina lako la Mama Maana, na mwanamke mwenye msiba ndiye aliyelilipia kwa vidole vyake. Umelia? Lia. Lakini ulie ukiwa unatembea.

Ukaniuliza kwenye simu, "Sasa nisubiri Jumamosi?" Nikakuambia vaa viatu. Nenda leo, nenda kwake, usimwite karakanani kwako ambako wewe ndiye mwenyeji. Pitia kwanza kwa mwenyekiti wa mtaa uhakikishe lile tundu la hewa linazibwa kabla jua halijazama, kwa sababu mazungumzo yanaweza kuharibika na tundu halitakusubiri. Mkwewe awepo. Ukifika usianze na hadithi ya daftari wala ya Petro. Sema: maana ile niliitunga mimi, sikuisoma popote, nisamehe. Halafu nyamaza. Akikupiga, pigwa. Na maana halisi usiitoe kama zawadi, mwache aulize mwenyewe, lakini akiuliza mjibu, kwa kuwa umeshamchagulia mara moja cha kuamini na huna ruhusa ya kumchagulia mara ya pili.

Ulikwenda, na tundu likazibwa jioni hiyohiyo. Ulinipigia siku iliyofuata, na umeniruhusu niyaandike haya. Ulisema mama alikusikiliza amesimama, sahani imefunikwa mezani nyuma yake. Hakukupiga. Akakaa kwenye kiti, akauliza, "Na ya kweli ni ipi?" Ukamwambia.

Akakujibu, "Najua. Baba yake aliniambia siku ileile niliyojifungua, akiwa amesimama mlangoni anacheka. Nimeishi nalo miaka ishirini na sita, na kila nilipomwita mwanangu nililisikia. Nilikuja kwako kwa sababu niliambiwa wewe unajua mengi, nikasema labda baba yake alinidanganya, labda lina maana nyingine."

Mdogo wangu, maneno hayo sikuyategemea. Miaka ishirini na mitatu nafanya kazi hii. Nikafikiria kukuambia kwamba basi ulimpa alichokuja kukitafuta, kwa hiyo hukukosea sana. Sikukuambia, kwa sababu si kweli. Alikuja kwako akiwa na swali moja la kweli maishani mwake, na akaondoka na kitu kilichompeleka chini ya mawe.

Unasema baadaye aliichukua ile sahani mwenyewe, akawamwagia kuku, akaingia chumbani akafunga mlango, na mkwewe akakuomba uondoke. Hujui kama amekusamehe. Huenda hatakusamehe. Hilo usimdai. Usimpelekee zawadi, usimtume mchungaji wala shehe amlainishe. Atakapokutaka anajua karakana ilipo.

Na kuhusu mtoto, najua kilichokuwa kinakuja kwenye ulimi wako, kwa hiyo nakukataza mapema: usipendekeze jina hata moja. Nimewajua kina Furaha waliokufa wakilia, na namjua Mashaka mmoja ambaye maisha yake yamenyooka kuliko yangu. Jina la huyo mtoto ni la mama yake kuchagua. Akikuomba umsindikize kwenye ofisi ya vizazi, msindikize, umbebee mkoba, na akilitaja kwa karani usiseme maana yake ni nini hata kama unaijua.

Yaliyobaki ni ya karakana. Mwambie mumeo ukweli wote, pamoja na zile maana kumi na moja. Atakasirika, na ana haki, ila mkumbushe kwamba aliizima mashine siku ile, akakutazama, kisha akachonga. Mikono yake imo. Ule mstari kwenye jiwe la yule kijana ausage mpaka uishe, bila malipo, na asiandike kingine hapo mpaka mama yake kijana aseme. Tarehe asiiguse.

Daftari lako lipitie ukurasa kwa ukurasa na yule mwalimu, kila usilolihakikisha ulikate kwa wino. Kisha chukua karatasi uandike zile familia kumi na moja, na nyumba zao. Wengine watakufukuza, wengine watakuambia waliipenda ile maana na jiwe libaki lilivyo, hiyo ni hiari yao, lakini wachague wakiwa wanajua. Usitume ujumbe wa simu. Bisha hodi.

Anza na nyumba iliyo karibu zaidi, kesho asubuhi, kabla hujafungua kaunta.