Landrova Iliyochelewa Kufika kwa Asekon

Mama,

Dada yako Asekon yuko hapa Burat tangu Jumanne. Analala kwenye kitanda chako, kichwa upande wa dirisha kama ulivyolala wewe, na alfajiri anatuamsha kwa kikohozi kabla jogoo hajawika. Binti yako Akiru alipomsikia mara ya kwanza alikimbia na leso moja, akasimama kwenye mlango wa chumba chako, akaushika ukuta. Alidhani ni wewe. Hata mimi, Mama. Kwa muda mfupi tu, lakini nilidhani.

Ninaandika kwenye daftari la shule. Shule zimefungwa. Barua kama hii sijui hupelekwa wapi, lakini kuna neno nililoshindwa kukuambia hospitalini. Nilikaa pale nikikukanda miguu, nikikusimulia habari za mbuzi na za mvua, mwoga kabisa, mkwe wako. Wacha nilitoe leo.

Unaikumbuka siku niliyoileta landrova nyumbani? Niliinunua kwenye mnada wa magari makuukuu, rangi imepauka, kiti cha nyuma kimetafunwa na panya. Majirani walicheka. Wewe uliizunguka mara mbili, ukaigonga boneti kwa kidole, ukaniuliza, "Mwalimu, hii inaweza kufika kwa Asekon?"

Ulikuwa hujamwona dada yako kwa miaka mingi. Boma lake liko mbele ya Oldonyiro, mahali barabara inapoisha na kubaki njia ya mbuzi na pikipiki, na mgongo wako ulikuwa umekataa pikipiki. Naye miguu yake ilikuwa imekataa kila kitu. Nikakujibu bila kufikiri, "Itafika, Mama. Nipe tu miezi miwili niitengeneze."

Uliniamini. Hilo ndilo linaloniuma.

Mshahara wa mwalimu unaujua. Kila nilichoweka kando kilikwenda kwa landrova, na kilikwenda kombo. Nilianza na vitu vya kuonekana. Nikaweka taa sita juu ya paa. Nikachomelea chuma kizito mbele, kana kwamba nitapigana na ndovu. Nikanunua matairi ya mitumba, makubwa, mapana, lakini meno yake yamelika karibu kuisha. Kisha nikaongeza springi za lori bovu, gari likainuka juu juu. Fundi Guyo wa Bulla Pesa, yule mzee uliyempenda kwa sababu husalimia watu mpaka na kuku, alikuja kuiona. "Salaam aleikum, Mwalimu. Sasa niambie. Umeangalia paipu ya radieta? Umeangalia breki? Gari inaanzwa ndani na chini. Hizi za juu ni za harusi."

Nikamwambia nitaangalia baadaye. Nilikuwa nimeshawatumia walimu wenzangu picha.

Miezi miwili ikawa mwaka. Halafu ile siku ya safari. Ulivaa shanga zako zote, ukafunga sukari na tumbako ya Asekon kwenye kitambaa, ukafika mlangoni mwa gari, ukatazama juu. "Sasa mimi ni tumbili?" Nikaleta kreti ya soda, Akiru akakusukuma kutoka nyuma, mimi nikakuvuta kutoka ndani, na sote watatu tulicheka mpaka tukakosa nguvu. Hukuketi, Mama, ulianguka kitini.

Tulipita Kipsing vizuri. Kwenye ile lugga pana ya mbele, ule mto wa msimu, maji hayakuwepo, ni mchanga mtupu. Mtu mwenye akili angesimama, apunguze upepo kwenye matairi, apite polepole. Mimi nilikanyaga mafuta. Tulifika katikati, magurudumu yakaanza kuchimba, nikakanyaga zaidi, yakachimba zaidi. Kisha tukasikia mlipuko, na mvuke ukafunika kioo chote. Paipu ya radieta. Ile ile.

Tulikaa chini ya mgunga mpaka alasiri. Mimi nilichimba mchanga kwa sufuria, kwa sababu pamoja na taa zangu sita sikuwa nimebeba hata koleo. Wewe ulipanga mawe matatu, ukawasha moto, ukapika chai. Uliponiletea kikombe sikuweza kukutazama. Ukaketi karibu nami, ukaanza kunisimulia, bila mimi kukuuliza, kwamba lugga hiyo hiyo iliwahi kuwakuta mkiwa wasichana, maji yanashuka kutoka milimani, mbuzi wameshavuka, na Asekon ameganda kwa hofu. "Nikamubeba kwa mgongo. Maji hapa," ukaonyesha kifua. "Alikuwa mzito! Na alikuwa analia kwa sikio yangu." Ukacheka peke yako ukitazama ng'ambo.

Lori lililotoka soko la mifugo Oldonyiro ndilo lililotuvuta mpaka nyumbani, mbuzi wakitutazama njia nzima. Ulipoteremka ulinipiga bega. "Tumekaribia, Mwalimu. Siku ingine."

Siku nyingine haikuja. Mvua ilianza, kifua chako kikaanza, na wiki tatu baadaye ulikuwa kwenye kile kitanda cha chuma. Hata kukuzika, Asekon hakuweza kuja. Lugga ilikuwa imejaa. Kijana wa boma lao alimpandisha kilimani kutafuta mtandao, na Akiru akasimama kwenye ukingo wa kaburi akiwa amenyoosha simu juu ya shimo, ili dada yako asikie udongo ukianguka. Alisimama hivyo mpaka mwisho. Hakukubali mtu amsaidie.

Wageni walipoondoka, Akiru aliniuliza swali moja. Alikuwa anaosha vikombe, hakugeuka. "Zile taa sita, zilimwonyesha Mama nini?"

Hakuuliza tena. Lakini tangu siku ile hakuingia kwenye landrova. Akienda sokoni anapanda boda. Mvua ikinyesha, anapanda boda na mwavuli. Tulikuwa tunakula sahani moja, Mama, na katikati yetu kulikuwa na hilo gari.

Nilirudi kwa Guyo. Hakunikumbusha maneno yake, Mungu ambariki. Alisema tu, "Fungua boneti." Tuliuza taa. Tuliuza chuma cha mbele na yale matairi. Tukaziondoa springi za lori, gari likashuka, nikachomelea kipande cha chuma chini ya mlango cha kukanyagia. Paipu zote mpya, mkanda wa feni, breki, mafuta ya gea. Matairi ya mitumba tena, lakini ya saizi yake na yenye meno. Guyo alitengeneza bomba la kuvutia hewa kutoka kwa paipu ya ekzosi ya zamani, likapanda kando ya kioo, ili maji ya lugga yasiingie kwenye injini. Nikanunua koleo, kamba, pampu ya mguu, na mbao mbili ngumu za kuweka chini ya gurudumu. Jumamosi moja kitu kimoja, Jumamosi nyingine kingine. Ukiitazama sasa huwezi kusema imefanyiwa lolote.

Nilikwenda peke yangu. Kwenye lugga nilishuka, nikavua viatu, nikatembea kwenye mchanga mpaka ng'ambo nikijaribu kwa mguu ulipo mgumu. Nikapunguza upepo. Nikapita gea ya chini, polepole, kama mtu anayebeba uji wa moto. Nilipofika upande wa pili nilizima injini. Nililia, Mama, na sikuona haya.

Asekon haoni vizuri siku hizi. Alinipapasa uso, akaninusa mikono, akasema nanuka mafuta. Nilimpa sukari na tumbako uliyofunga wewe. Akiru alikuwa ameihifadhi. Kisha nikamwambia ukweli wote, nimepiga magoti, kwamba dada yake hakufika kwa sababu yangu. Akaniuliza,

"Alifika wapi?"

"Kwenye lugga, Mama Mkubwa."

Akapiga makofi. "Pale nilimubeba! Maji hapa!" Akaonyesha kifua. "Alikuwa mzito huyo, na alikuwa analia kwa sikio yangu!"

Nikamwambia wewe ulisimulia kinyume. Aliruka juu, Mama, huyu asiyeweza kutembea. Alikuita mwongo kwa Kiturkana na kwa Kiswahili. Alipanda gari bila kuuliza tunakwenda wapi, na mpaka Burat alikuwa anakugombeza, mara anacheka, mara anajifuta macho. Kaburini aliketi chini, akaweka tumbako kidogo kwenye udongo, akaendelea kukugombeza kwa sauti ndogo mpaka akachoka. Sijui nani alimbeba nani. Mimi nimeamua kuwaamini nyote wawili.

Jana alikuwa anapelekwa kliniki. Boda ilipofika, aliifukuza kwa fimbo. Akamwambia Akiru, "Mama yako alikuwa anataka kupanda hii gari. Wewe iko hapa, na unaikataa?"

Akiru alinitazama. Kisha akafungua mlango, akakanyaga kile chuma, akaketi. Tulipokuwa tunarudi, karibu na kambi ya jeshi, alisema akitazama mbele, "Nifundishe kuendesha. Mama Mkubwa atataka kwenda kwake na kurudi, na wewe utakuwa darasani."

Basi, neno langu ni hili. Nisamehe, Mama. Ulitaka kumwona dada yako, nami nilitaka kuonekana. Hukunilaumu hata mara moja, na ndiyo maana nimejilaumu mpaka leo.

Pumzika. Asekon tutamrudisha kwake kabla ya mvua, na tutamfuata kila akitamani. Nami nakuahidi kitu kimoja ninachoweza kukitimiza: binti yako akilikwamisha gari hilo kwenye mchanga sitapiga kelele. Nitashuka nichimbe, yeye akae.

Akiru ananiita. Ameketi kwenye kiti cha dereva, dada yako yuko nyuma na fimbo yake, na injini inaunguruma. Wacha niende, Mama.

Mkwe wako,
Mwalimu Murithi