Kabla ya Zamu ya Sita

Kakuma, 3 Februari 2025

Kaka yangu Anyang,

Pokea salamu zangu na za Mama. Huku tu wazima, ni joto tu linatusumbua. Tumbo linaendeleaje? Unakula? Ruben anasema alipokuletea sabuni alikukuta umekaa kitandani hapo hospitalini, ila umekonda. Nashukuru lori lake huja huku kila wiki, maana tangu simu yako iingie maji hatuna njia nyingine ya kukupata.

Nimekwenda mara tatu kuomba kibali cha kutoka kambini nije kukuona. Naambiwa nisubiri. Mara ya mwisho karatasi yangu hata haikufunguliwa.

Lakini kituo cha vijana kimetangaza mashindano ya mchezo wetu wa kadi. Wawili watakaofika fainali watapelekwa Lodwar tarehe 14 Machi kucheza na wa huko, na waandalizi ndio watakaowatafutia vibali. Kaka, nataka kucheza na ile pakiti yako ya kushambulia, lakini inanitia hofu. Nimeijaribu mara nne na Achan wa jirani, nikashindwa zote. Wapiganaji wa pakiti hiyo ni wadogo, wanakufa haraka, nabaki mikono mitupu. Nifanyeje?

Na daktari anasemaje? Usinifiche.

Dada yako,
Ayak

Lodwar, 10 Februari 2025

Ayak dada yangu,

Ejok? Wodi nzima hunisalimu hivyo kwa Kiturkana, nimezoea. Msalimie Mama, mwambie nakula. Daktari Chepchumba amesema ni kifuko cha maji kwenye ini, kinaletwa na minyoo ya mbwa, na watu wengi wa huku wanacho. Ninameza vidonge. Msihangaike.

Sasa kadi. Unashindwa kwa sababu unaicheza pakiti ya haraka kwa moyo wa polepole. Nakujua, kila mara unabakiza mpiganaji mmoja nyuma akulinde. Mtu kama Lokiru, yule kijana wa hapo Kakuma mjini, ana majitu yanayoanza kutoka zamu ya sita. Majitu yakishatoka, hakuna wa kukulinda. Lazima uhai wake, zile pointi ishirini, uwe umeumaliza au umekaribia sana kabla ya hapo. Kwa hiyo wote waende mbele. Uhai wako wewe uache upungue, ukibaki na pointi moja bado uko mchezoni.

Ukigawiwa kadi za mwanzo zisizo na mpiganaji wa bei nafuu, zirudishe, hata kama ni nzuri kiasi gani. Kadi za moto usiwachomee wapiganaji wake wadogo wa mezani kama hawakuzibii njia. Mwekee mwenyewe. Halafu kumbuka Lokiru ana Gharika, kadi inayofagia kila kilicho mezani. Kabla hujaongeza mpiganaji, hesabu: hawa walioko mezani wanaweza kummaliza kwa zamu mbili? Wakitosha, wengine wakae mkononi. Wasipotosha, mwaga wote na umwombe Mungu.

Hapo ndipo unapokosea, Ayak. Huhesabu. Unaogopa kwanza.

Kaka yako,
Anyang

Kakuma, 22 Februari 2025

Kaka,

Natumaini barua hii itakukuta unapumua vizuri. Mama anakusalimu, anakuombea kanisani kila siku. Nimeshinda mechi mbili. Leo sitaki kuziongelea.

Ruben hajui kuficha. Amenieleza kwamba daktari alitaka kukupasua tarehe 17 na wewe ukakataa kusaini. Nimemuuliza Carol, muuguzi wa zahanati yetu, kifuko kama hicho kikiachwa kinafanya nini. Akasema, "Kinaendelea kukua. Kikipasuka chenyewe tumboni, mtu anaweza kufa kabla hajafikishwa kwa daktari." Tangu jana nimeunguza uji mara mbili. Mama aliniuliza nina nini, nikamwambia ni mashindano.

Najua unamfikiria Baba. Mimi nilikuwa mdogo, lakini nakumbuka ni wewe uliyekaa nje ya kile chumba cha upasuaji kule kwetu Bor, wakamtoa amefunikwa. Sikulaumu kwa kuogopa. Ila umeniandikia ukurasa mzima unifundishe kuhesabu. Wewe umehesabu?

Saini, Anyang. Nakusihi.

Dada yako,
Ayak

Kakuma, 4 Machi 2025

Kaka Anyang,

Salamu. Sijui hata nikuulize hali vipi, maana hujajibu. Ruben anasema uliisoma barua yangu, ukaugeukia ukuta, na hukumtazama tena mpaka akaondoka. Kila lori linaposimama naogopa Ruben atashuka akiwa na habari badala ya barua.

Jumamosi nilikutana na Lokiru nusu fainali. Mchezo wa kwanza nilimbakiza mpiganaji nyuma, kama ulivyosema nisifanye. Jitu lake la kwanza likamla, nikashindwa. Mchezo wa pili nikaenda mbele na wote, nikashinda.

Wa tatu, ilikuwa zamu yangu ya tano na yeye ana uhai kumi na moja, hana mlinzi hata mmoja. Mezani nilikuwa na wapiganaji watatu wa nguvu mbilimbili. Mkononi nilikuwa na yule mkimbiaji anayeweza kushambulia mara tu akishuka, na kadi moja ya moto, ila zamu hiyo ningeweza kulipia moja tu kati ya hizo; zamu inayofuata, zote mbili. Kitu ndani yangu kikaniambia nimshushe mkimbiaji sasa hivi, nimpunguze zaidi, maana zamu ya sita inakuja. Nikahesabu. Watatu wangemtoa sita. Angebaki na tano, na watatu haohao wangetosha kummaliza zamu inayofuata. Nikashambulia na watatu tu, nikamwacha mkimbiaji mkononi.

Lokiru akaniangalia. "Huongezi kitu?"

"Siongezi."

"Pole basi, dada." Akaweka Gharika, meza ikabaki nyeupe. Watu wakaguna. Ilipofika zamu yangu nikashusha mkimbiaji, akampiga mbili, nikamchoma tatu kwa moto. Lokiru akahesabu kwa vidole, kisha akanipa mkono. Naye ameshinda mechi ya kugombea nafasi ya tatu. Yule mwingine wa fainali amejitoa, kwa hiyo tutakuja mimi na Lokiru.

Kibali ninacho. Tunatoka tarehe 13, na Jumapili ya tarehe 16, saa kumi na mbili jioni, lazima niwe nimerudi kambini. Nisubiri. Hata kama umenikasirikia, nisubiri.

Dada yako,
Ayak

Lodwar, 8 Machi 2025

Ayak,

Salamu kwako na kwa Mama. Sikukasirika. Nilishindwa kuandika.

Nimesaini. Ni Ijumaa tarehe 14, saa tatu asubuhi. Najua ndiyo saa ya mechi yako. Usije hospitali asubuhi hiyo, nenda ukacheze, uje jioni. Sitaki ukae nje ya mlango kama nilivyokaa mimi.

Jambo moja tu. Nisipoamka, Mama asiambiwe na mtu mwingine. Mwambie wewe, na umshike mikono kabla hujaanza kusema.

Naogopa sana, dada yangu. Sijawahi kumwambia mtu.

Kaka yako,
Anyang

Lodwar, 19 Machi 2025

Ayak dada yangu,

Natumaini ulifika salama na Mama ametulia. Mimi naendelea. Jana nilikunywa uji, leo nimetembea hadi dirishani nikishikilia vitanda vya wenzangu. Vidonge vitaendelea miezi kadhaa, na daktari anasema kifuko kinaweza kurudi, kwa hiyo watanipima kila mara. Unisamehe mwandiko wangu.

Daktari Chepchumba amenieleza leo kile ulichonificha. Kifuko kilivuja wakati wanakitoa, na presha yangu ikashuka hivi kwamba muuguzi alitoka nje kuuliza kama nina ndugu. Wewe ndiye uliyesimama. Nilidhani ulikuja jioni. Kumbe tangu saa mbili asubuhi ulikuwa kwenye benchi lile, na Lokiru anasema jina lako lilitajwa mara tatu ukumbini, kisha likafutwa. Alipita kunisalimia kabla hamjaondoka. Alishindwa mechi ya kwanza, akacheka.

Sijui nikushukuruje kwa saa zile. Nimejaribu kuziandika mara mbili nikachana karatasi.

Ila nikuambie kuhusu Jumapili. Dereva alipopiga honi ulinikumbatia upande usio na kidonda, ukaanza kutoka wodini kinyumenyume ili usinipe mgongo, ukagonga kitanda cha mzee yule wa Lokori, ukamwomba radhi bila kuacha kunitazama. Mlangoni ukasimama. Nilitaka kukuita. Nilifumba mdomo kwa sababu nilijua nikikuita utarudi, na kibali chako kilikuwa kimebakiza saa nne.

Kaka yako,
Anyang