Chipsi za Chizi kwa Jina la Uongo

Bi Tunu, shikamoo. Naomba unisaidie mama yangu, ila unisome mpaka mwisho kabla hujanigombeza, maana najua nimestahili. Majina utabadilisha mwenyewe, sitaki watu wa mtaani kwetu waanze kunijadili.

Mie ni mwanamke wa miaka arobaini na tatu, naishi Mbagala, nina watoto watatu wakubwa, na mume wangu Sadallah ni fundi wa majokofu, mtu mpole asiyekuwa na ishu na mtu, ila miaka mitatu iliyopita alioa mke wa pili anaitwa Raudha, akampangia nyumba kule Kibada, Kigamboni, ikawa analala kwangu siku mbili, kwake siku mbili, na kwenye zamu kwa kweli hajawahi kunidhulumu, lakini roho yangu haikukubali Bi Tunu, naomba nisikufiche. Huyo Raudha tumekutana uso kwa uso mara mbili tu, kwenye msiba wa mama mkwe na kwenye harusi ya mtoto wa shemeji, na mara zote mbili alinifuata nilipokaa akainama akasema shikamoo dada, na mara zote mbili nikageuzia uso pembeni sikumwitikia. Idd ya mwaka juzi akampa Sadallah sahani ya biriani aniletee, nikairudisha vilevile ilivyokuja, kifuniko hata sikukifungua.

Sasa mie mtaani kwetu ndiye ninayeitwaga kusimamia sufuria kwenye shughuli, sijawahi kuona mtu anabakiza chakula changu, mpaka siku moja ya zamu yangu, kama miezi minne iliyopita, nimempikia Sadallah wali wa nazi na samaki changu wa kukaanga, akala vijiko vitatu akasukuma sahani, nikamuuliza vipi unaumwa, akasema hapana, mchana nilipita kule nikala chipsi za nyama na chizi, bado zimenijaa. Nikamuuliza chizi ndiyo nani huyo. Akacheka, akasema jibini mke wangu, siku hizi ndiyo inaitwa hivyo. Nikamwambia chizi ni wewe, nikaondoa sahani, lakini usingizi sikuupata vizuri.

Kesho yake nikanunua viazi, nyama ya kusaga na hiyo chizi nikajaribu mwenyewe, viazi vikanyonya mafuta vikalegea, na chizi nikaitumbukiza kwenye rojo la nyama linachemka juu ya mkaa, ikajikusanya ikawa donge moja gumu na mafuta yakaelea juu, wanangu wakaangaliana wakaomba chai na mkate. Ndiyo nikapata wazo baya. Raudha anauzaga hizo chipsi palepale nyumbani kwake, anapiga picha anaweka kwenye simu watu wanaagiza, basi nikachukua namba yake kwenye simu ya Sadallah, nikatumia line ya zamani ya mdogo wangu Chausiku, nikijua hata nikimtumia hela litatokea jina la Chausiku, nikaagiza. Baba mmoja wa bodaboda, mzee Mwinjuma, akaniletea. Ameweka viazi peke yake, nyama peke yake, chizi peke yake kwenye kikopo, na ujumbe wa sauti ukaingia, "Dada Chausiku, Mbagala ni mbali, nikichanganya huku zitakufikia zimelowa, wewe vipashe viazi kwenye kikaango bila mafuta, halafu ndiyo umwagie nyama, chizi iwe ya mwisho." Nikafanya hivyo nikala. Zilikuwa tamu Bi Tunu, nilikasirika mpaka nikatokwa na machozi.

Nia yangu ilikuwa nimwibie mapishi nimshinde. Nikamtumia sauti, nikaibana kidogo, kumbe hata hakukuwa na haja, yule hajawahi kuisikia sauti yangu kwa sababu salamu zake sikuwahi kuzijibu. Nikamuuliza mbona yangu inakuwa donge, akanijibu vizuri tu, wala hakuuliza kwa nini mteja anataka kujua. Akasema viazi nivikate vinene nivilaze kwenye maji, nivifute na kitambaa mpaka vikauke, nivikaange mara mbili, ya kwanza moto mdogo viive bila kuwa na rangi, nivitoe vipoe, ya pili moto mkali. Nyama nianze na kitunguu, saumu na binzari nyembamba, niweke nyanya, maharage mekundu yaliyochemshwa na pilipili, niiache ikauke kabisa, isiwe na maji. Na chizi isikutane na moto, nipashe maziwa na siagi na unga kijiko kimoja, nikishaepua ndiyo niikwangue chizi humo nikoroge taratibu. Akasema, "Chizi haitaki haraka dada, ukiiharakisha inakasirika." Mwezi haukuisha nikampikia Sadallah, akala akamaliza, akaniuliza umejifunzia wapi, nikasema kwenye simu. Akaniangalia, akaenda kunawa mikono. Nilishinda, na furaha yenyewe haikufika hata jioni.

Kwa sababu kuulizana chizi kulishaisha lakini kuongea hakukuisha. Ikawa ananitumia sauti anamenya viazi, na mie namsikiliza nafua. Akanieleza kwao Masasi, alikuwa anaitwa Filomena, alipobadili dini kuolewa kwao wakamsusa, hapa Dar hana hata binamu. Siku moja akanisimulia ile sahani ya Idd. Alipika tangu alfajiri, akaniuliza dada Chausiku, nilikosea nini, labda viungo. Akasema, "Lakini simlaumu, ningekuwa mimi ndiye wa kwanza pengine ningefanya hivyohivyo." Nikazima simu nikakaa kwenye ndoo ya nguo.

Na sasa nifike kwenye jambo lenyewe, ambalo sijamwambia mtu. Mwaka jana Raudha alikuwa na mimba ya miezi mitano ikatoka. Akaniambia siku hiyo damu ilianza jioni, akampigia mumewe mara tatu ikaita, ya nne akakuta imezimwa, akaita bajaji akaenda hospitali peke yake, akasema labda chaji ilimwishia maskini. Bi Tunu, haikuisha chaji. Ilikuwa zamu yangu, Sadallah ameenda kuswali magharibi kaacha simu kwenye chaji, nikaona jina lake linaita na kuita, nikasema huyu anataka kunivurugia siku yangu, nikaizima, Sadallah aliporudi nikamwambia imegoma kuwaka, akaiacha hivyo mpaka asubuhi. Sikujua kuna damu. Wallahi sikujua.

Sasa ana mimba tena, kabakiza wiki tatu. Juzi akanitumia sauti, akasema dada Chausiku, mimi naogopa, naomba siku yangu ikifika wewe ndiye uje tuende wote hospitali, maana ndiye dada yangu niliyenaye Dar. Mdogo wangu Chausiku nimemweleza, amekubali aende yeye ajifanye ndiye. Wazo lingine ni niitupe hii line ipotee na mambo yake yaishe. Au niende mwenyewe, akiniona uso si atazaa palepale kwa mshituko. Sijui nifanye nini. Namuonea huruma, na najionea haya, na kibaya zaidi nimempenda.

Mimi, Bi Mkubwa wa Mbagala

BI TUNU ANAJIBU

Marahaba mwanangu. Nimekusoma mpaka mwisho, nikaenda nikachemsha chai, nikarudi nikakusoma tena.

Nianze na jepesi. Unasema ulikuwa unatafuta mapishi. Mapishi uliyapata mwezi wa kwanza, umeandika mwenyewe. Hiyo miezi mitatu iliyobaki ulikuwa unatafuta nini? Ulikuwa na mtu wa kuzungumza naye ukifua nguo, ndicho ulichokuwa nacho, na bahati yako mbaya akawa yule uliyeapa hutamsemesha. Kumpenda siyo hiyo "kibaya zaidi" unayoiandika. Katika barua nzima hilo ndilo jambo jema pekee ulilolifanya, na ulilifanya bila kukusudia.

Hayo mawazo yako mawili yafute. Mwanamke akiwa na uchungu anashika mkono wa mtu. Unataka Raudha ashike mkono wa mdogo wako akidhani ni wako? Mdogo wako naye mwambie akae kwake atulie, na hiyo huruma yake aitumie kwa jambo lingine. Kutupa line ndiyo usithubutu. Atakupiga, atakukosa, na itakuwa mara ya pili anapiga simu wakati wa shida haipokelewi, na mara zote mbili aliyefanya hivyo ni wewe.

Tuje kwenye ile simu ya magharibi. Mimi siyo daktari, wewe siyo daktari, na hakuna anayejua kama Sadallah angepokea simu, yule mtoto angepona. Usijitwike kifo usichokuwa na uhakika nacho. Lakini kwamba alipanda bajaji peke yake anavuja damu, akifikiri mumewe kamaliza chaji, hilo ni lako na usilipunguze. Usianze kuniambia hukujua. Ulijua mtu anapiga mara tatu mfululizo. Hakuna mtu anayepiga mara tatu kwa sababu ya wivu, na wewe mwenyewe umezaa watatu.

Kwa hiyo yako mambo mawili ya kukiri, na usiyachanganye. La jina la uongo mwambie sasa hivi. La simu mwambie baadaye. Siyo kwamba lina unafuu, ni kwamba leo ana tumbo la miezi minane na anaogopa, ukimwambia sasa utakuwa umejitua wewe ukamtwika yeye. Subiri ajifungue, arobaini iishe, apate nguvu za kukukasirikia. Hapo umkalishe umwambie ana kwa ana, bila kumtaja shetani. Na asipokusamehe usiende kumlilia Sadallah, Raudha hana deni la kukusamehe.

Sadallah mwambie yote mawili, leo, akishakula. Mwombe la simu alihifadhi mpaka hizo siku zipite. Atakasirika, mwache akasirike. Katika barua yako yote sikuona hata mstari mmoja unaokumbuka kwamba mtoto yule alikuwa wake pia, na alirudi kwako siku ya zamu yako akala chakula chako akiwa na msiba huo, na kwamba mpaka leo anadhani simu yake ndiyo iliyomwangusha.

Ukishamaliza na Sadallah, mtumie Raudha sauti kwa line yako mwenyewe, kwa sauti yako ya kawaida, usiibane. Usimshitukize mlangoni, na hapo uliwaza vizuri. Sema hivi: "Mimi siyo Chausiku. Mimi ni mke mkubwa wa Sadallah. Niliyekuwa nakuuliza habari za chizi miezi yote hii ni mimi. Nilianza kwa ubaya, sikumaliza kwa ubaya. Nataka kuja, ukiniruhusu." Usiongeze maelezo. Najua una maneno mengi, barua yako nimeiona. Halafu nyamaza, na usimpigie, muache apige au asipige.

Akisema njoo, nenda. Usibebe chakula chochote, hasa chipsi. Ukienda na sahani utakuwa bado unashindana. Beba doti tatu za khanga zilizofuliwa zikalainika, za kwenda nazo hospitali, maana mtu asiye na ndugu mjini hana wa kumkumbusha kwamba mbili hazitoshi. Ukifika keti, umuulize hospitali wamemwambia nini, begi lake limefungwa au bado, na gari au bajaji ya siku hiyo ni ya nani. Akitaka kulia alie, akitaka kukusema akuseme. Wewe kwa leo ni mtu wa kusikiliza.

Akisema hataki kukuona, usiende nyumbani kwake. Siyo haki yako kusamehewa kwa ratiba yako. Ila mwambie Sadallah aongee mapema na jirani wa Kibada, mama mtu mzima mwenye moyo, ili yule binti asiende tena peke yake kwa sababu nyie wakubwa hamjamalizana.

Na hata hapo usikae Mbagala. Siku ya uchungu Sadallah atakwambia. Vuka uende hospitali ukae kwenye benchi la nje, usiombe kuingia, usitume mtu akamwambie upo. Unaweza kukaa kutwa nzima bila kuitwa. Kaa. Mle ndani mambo hubadilika, jirani anaweza kuchoka, khanga zinaweza kupungua, damu inaweza kuhitajika. Nesi akitoka akauliza ndugu wa Raudha ni nani, usitazame pembeni. Simama.