Willis Aliwatia Viumbe Wangu Kwenye Friji

Shangazi Nasambu, mulembe. Kila wiki tunasoma ukurasa wako hapa hosteli tukicheka shida za watu, na leo aki ni mimi nalia, naomba unishike mkono.

Mimi ni msichana wa miaka ishirini na sita, nasomea shahada ya pili ya sayansi hapa Kakamega, na kazi yangu ni kumchunguza Tetrahimena, kiumbe wa seli moja anayeishi kwenye maji ya kidimbwi, wangu nilimtoa kidimbwi cha hapa karibu, humwoni kwa macho, lakini ndani ya hiyo seli moja kuna tando nyembamba zilizojengwa kwa mafuta, na kwenye tando hizo kuna vimeng'enya vinavyoyatengeneza na kuyabadilisha hayo mafuta, na mimi natafuta kujua ni mafuta gani na ni vimeng'enya gani.

Sasa Shangazi, viumbe hawa wanakuzwa kwenye kabati la joto, na ni siku ile ya kuwapasua ndipo kila kitu kinakaa kwenye barafu ili vimeng'enya visiharibike. Nyanya yangu akafariki kule Matungu, na mjukuu haondoki kabla ya siku ya wafiwa kunyolewa nywele, kwa hivyo chupa zangu nikamwachia Willis, ambaye ni fundi wa maabara yetu na ndiye mpenzi wangu, na kwa vile kila siku ananisikia nikipiga kelele "barafu, barafu", yeye akawatia kwenye friji wakiwa hai bado, akawarudisha kwenye joto asubuhi ile niliporudi, nami bila kujua nikawapasua siku hiyo hiyo.

Majibu yakatoka, mafuta laini yamejaa kila mahali na kimeng'enya kinachoyalainisha kiko juu sana, na msimamizi wangu, Profesa Andati, nusura acheze ngoma ya isukuti ofisini, anasema kiumbe wa kidimbwi chetu si kama wa kwingine, na amekwisha kuandikisha majina yetu tukawaeleze wasomi wenzake Nairobi. Jioni hiyo Willis akaniambia akicheka, "Unaona? Nilikulindia wadudu wako vizuri kwa friji." Nilienda chooni nikalia. Kiumbe huyu akipata baridi hulainisha mafuta yake ili tando zisigande, ni kama vile mafuta ya kopo huganda asubuhi na yale ya chupa yakabaki maji. Kwa hivyo si kidimbwi, ni friji!

Nikisema, Willis ataonekana mjinga, na mkataba wake unapitia mkononi mwa profesa huyo huyo. Nikinyamaza, nitasimama Nairobi niwadanganye watu. Na mwezi ujao Willis anakuja kwetu na wajomba zake kujitambulisha, mama ameshachagua hadi ingokho, yule kuku atakayechinjwa, na mimi simu zake sipokei, akiuliza kwa meseji kosa lake namjibu niko bize. Nifanye nini jameni?

Khalayi, Lurambi

Khalayi mwanangu, woiye, pole kwanza kwa kumpoteza nyanya. Naona umezika, ukanyolewa, ukarudi moja kwa moja kazini, na hakuna aliyekuuliza unaendeleaje. Mimi kidimbwi ninachokijua ni cha bata, lakini hayo ya mafuta kuganda nimeyaelewa vizuri, na pia nimeelewa kwamba unampenda huyo kijana.

Hebu nikugombeze kidogo basi. Ulimwachia Willis chupa, maelezo hukumwachia. Mtu anayesikia barafu asubuhi na jioni, ulitaka afikirie nini? Na sasa unamfichia jambo linalomhusu, eti unamlinda. Si ndivyo alivyofanya na chupa zako, akakulinda bila kukuuliza? Ninyi wawili mtaumizana kwa wema hadi lini?

Nairobi usiende na majibu hayo. Hapo sina maneno mengi. Mwanafunzi mwingine atayaamini, ajenge kazi yake juu ya friji yenu, na wewe kila ukisifiwa utakuwa ukitafuta choo cha kulilia.

Keti na Willis, umweleze kama ulivyonieleza mimi. Usimwandikie meseji. Ataona haya, pengine atakasirika, mwache akasirike. Kisha mwende kwa profesa pamoja, na Willis aseme kwa kinywa chake alichofanya, nawe useme hukumwelekeza. Msitupiane lawama mlangoni pa mzee wa watu. Kazi utairudia, na jinsi ya kuirudia profesa wako atakuonyesha, ndiyo maana akaitwa msimamizi.

Unaniuliza kimoyomoyo, na mkataba je? Sikudanganyi, anaweza kuukosa. Akiukosa, na aje kwenu hivyo hivyo na wajomba zake, na baba akiuliza kijana anafanya kazi gani, wewe usiangalie chini. Mwambie huyu ni mtu aliyesema ukweli akijua utamgharimu. Baba atalifikiria hilo.

Weka gazeti chini umpigie sasa hivi. Ya profesa na ya friji yangoje mkikutana. Kwenye simu mwambie hujaacha kumpenda, maana siku zote hizi maskini anadhani umemwacha.